Gari dogo linakunywa kama kubwa: tutafute chanzo hapa Bukavu

Wiki haipiti bila mtu kuniletea Vitz, Passo, IST au Starlet ya zamani akiwa na neno lile lile: "Fundi, gari inakunywa." Nikimuuliza inakunywa ngapi, hunijibu kwa pesa: "Mbele nilikuwa naweka ya siku tatu. Sasa siku mbili, imeisha." Hicho ni kilio cha kweli. Aliyenunua gari dogo alijinyima mengine ili stesheni isimmalize, na sasa anaona amedanganywa. Ila kwa jibu hilo fundi hajui aanzie wapi, basi anabahatisha. Leo bujie, ambazo wenzetu wa Dar huziita plagi, kesho filta, keshokutwa pompi ya esanse, yaani petroli. Mwenye gari analipa mara tatu na gari linaendelea kunywa vile vile.

Nitaeleza njia ninayoifuata mwenyewe, hatua kwa hatua, kwa magari madogo yanayotembea katika mji huu wa milima.

Kwanza tupate namba

Jaza tanki mpaka pompi ikate yenyewe mara ya kwanza. Usiongezee. Rudisha kaunta ndogo ya kilomita kwenye sifuri. Tembea kama kawaida yako kwa wiki moja, kisha rudi stesheni ile ile, pompi ile ile, gari likiangalia upande ule ule. Upande nausisitiza kwa sababu hapa kwetu hata sakafu ya stesheni ina mteremko. Tanki likiinama, hewa hubaki kona ya juu na hesabu yako hupungukiwa lita nzima au zaidi.

Chukua lita zilizoingia, gawanya kwa kilomita ulizotembea, zidisha kwa 100. Lita 21 kwa kilomita 262 ni lita 8 kwa kilomita 100. Fanya hivyo mara tatu, andika kwenye daftari, chukua wastani. Mara moja haitoshi.

Anayenunua kwa chupa kwa kadafi, muuzaji wa esanse wa kando ya barabara, hawezi kupata namba hiyo. Chupa ya lita moja na nusu haijazwi sawa kila siku, na bidoni iliyozeeka imevimba au imebonyea. Kama kadafi ndiye aliye karibu nawe, sikulaumu, lakini kwa wiki tatu za kupima nenda stesheni.

Ukishapata namba, usiilinganishe na ile iliyokuja na karatasi za Japani. Magari mengi tuliyonayo yalipimwa kwa jaribio liitwalo 10-15: gari liko juu ya magurudumu ya maabara, mota imeshapata moto, safari ni kilomita 4.16, mwendo wa wastani ni kama kilomita 23 kwa saa, na hakuna kilima hata kimoja. Kwa jaribio hilo gari dogo hupata kilomita 20 kwa lita bila shida, yaani lita 5 kwa 100. Namba hiyo si uongo. Ni ya barabara ambayo Bukavu haina. Kwa ninayoyaona mimi, gari lenye mota ya lita 1.0 hadi 1.3, lenye afya, likizunguka Ibanda na Kadutu kila siku, hunywa kati ya lita 7 na 9. Likipita 10, hapo nami naanza kutafuta ugonjwa.

Mjini linakunywa, safarini linatulia

Kama namba ni mbaya mjini tu, mota mara nyingi ni nzima. Kinachokunywa ni mlima, ambuteyaji, yaani msongamano wa magari, na ufupi wa safari.

Tuanze na mlima, maana watu hawaamini mpaka waone hesabu. Gari la kilo 1,000 likiwa na dereva na abiria wawili lina kilo 1,200 hivi. Kulipandisha mita 100 za wima, yaani kimo na si urefu wa barabara, kunahitaji nguvu ambayo mota huilipia kama mililita 150 za esanse, nusu ya chupa ndogo ya soda. Hiyo ni juu ya ile ambayo gari lingekunywa kwenye tambarare. Mtu anayeshuka kando ya ziwa asubuhi, akapanda Kadutu, akashuka tena, akapanda jioni, amekwisha kumwaga chupa kadhaa kabla hujahesabu mwendo wenyewe. Na unaposhuka hurudishiwi zote, kwa sababu nyingine unaichoma kwenye breki.

Ukitaka kuiona hesabu hii kwa macho, nenda Uvira. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, Uvira iko kando ya Tanganyika kwenye mita 780 hivi. Unashuka mlima wa Ngomo, sindano ya mafuta kama imelala. Siku ya kurudi, gari na watu wanne, kule kupanda kwenyewe kunakunywa zaidi ya lita moja. Madereva wengi hurudi kutoka Uvira wakisema waliuziwa esanse mbaya. Kabla ya kumshtaki muuzaji, pima safari nzima, kwenda na kurudi.

Kwenye mteremko kuna jambo linaloniumiza kila nikilisikia: dereva anatoa vitesi, yaani gia, anaweka nyutro, "gari ishuke bure." Katika gari la injeksheni, ambalo kompyuta ndiyo inapima esanse, ukiacha gia ndani na kuondoa mguu kwenye aksereta, kompyuta hufunga esanse kabisa mpaka mota ikaribie kupumzika. Ukiweka nyutro, mota inalazimika kunywa ili isizimike. Kwa hiyo nyutro inakunywa zaidi, na inakuachia breki peke yake kwenye mteremko mrefu, mpaka zipate moto na zikose nguvu. Acha gia ya pili au ya tatu. Kwenye otomatiki acha D, au shusha kwenye L kama mteremko ni mkali.

Ambuteyaji sasa. Mota ndogo ikiwa imesimama inawaka hunywa kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, kutegemea ukubwa wake na kama baridi ya ndani (AC) imewashwa. Chukua 0.7. Ukisimama saa moja kwa siku pale Nyawera na kwenye mzunguko wa Place de l'Indépendance, siku sita ni lita 4.2. Kama kwa wiki unatembea kilomita 120 tu, kule kusimama peke yake kumekuongezea lita 3.5 kwa kila 100. Hakuna bujie itakayokurudishia hizo. Kuzima mota unapoona msururu hausogei, au kuondoka nusu saa mapema, kutakurudishia.

Na safari fupi: mota baridi hupewa esanse nyingi makusudi mpaka ipate moto. Ukimpeleka mtoto shule, ukarudi nyumbani, mota ikapoa, ukatoka tena sokoni, kila mara umeendesha sehemu iliyo ghali zaidi ya safari. Unganisha safari zako kama unaweza.

Linakunywa kila mahali, mjini na njiani

Hapa ndipo kuna ugonjwa, na hapa ndipo nataka tukae. Ninaanza na termostati, kile kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye radieta mpaka mota ipate moto, kwa sababu ndiyo ninayoikuta mara nyingi na ndiyo inayosahaulika.

Kisa kinaanza zamani. Gari lilichemka likipanda. Fundi akafungua, akatoa termostati, akaitupa, akasema gari sasa litapoa vizuri. Kweli lilipoa. Lilipoa kupita kiasi. Termostati za Toyota hizi ndogo huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Ikiwa haipo, maji huzunguka kwenye radieta tangu dakika ya kwanza, na kwa hewa ya Bukavu mota haifiki moto wake. Kompyuta inasoma baridi, inaendelea kumwaga esanse ya asubuhi mchana kutwa.

Mama mmoja aliniletea Vitz yake, muuzaji wa vitambaa, na daftari lake mkononi: lita 11 na kitu, wiki tatu mfululizo. Nilimuuliza, "Mama, ile taa ya bluu inazimika lini?" Vitz na Passo nyingi hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu ya baridi tu. Akafikiri kidogo. "Ile? Ile haizimikake, fundi. Nilijua ndiyo rangi yake." Tulifungua mlango wa termostati mbele yake: ndani mlikuwa mtupu, na utepe wa silikoni pembeni uliobaki kutoka mkono wa aliyepita. Tukaweka mpya. Wiki mbili baadaye alikuja na daftari: lita 8 na robo.

Jaribio ni rahisi, unaweza kulifanya asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mota ikiwa baridi kabisa, iwashe, weka mkono kwenye diriti ya juu, ule mpira mnene unaoingia kwenye radieta. Uangalie feni, isikunase. Termostati nzima: mpira hubaki baridi kwa dakika kadhaa, halafu ghafla hupata moto. Termostati iliyotolewa au iliyoganda ikiwa wazi: mpira hupata uvuguvugu polepole tangu mwanzo. Na kama una taa ya bluu, angalia iwapo inarudi kuwaka unaposhuka mteremko mrefu.

Lakini usirudishe termostati bila kutibu kilichofanya gari lichemke. Kwenye kimo chetu maji matupu huchemka kwenye nyuzi 95, si 100. Kinachoyazuia ni presha ya kifuniko cha radieta. Raba ya kifuniko ikizeeka, maji yanachemka mapema na fundi anamlaumu termostati. Badilisha kifuniko, ni cha bei ndogo. Safisha radieta iliyojaa kutu ya maji ya bomba, weka maji ya radieta yenyewe.

Baada ya termostati, eshapma, yaani bomba la moshi. Magari mengi hufika kwetu bila katalizeri, kile kisafishaji cha moshi. Iliuzwa njiani, na mahali pake pakaungwa bomba kwa welding. Ukiwa na ufa kabla ya sonda, kile kihisi cha oksijeni kilichochomekwa kwenye bomba la moshi, kila pumzi ya mota huvuta hewa ya nje kupitia ufa ule. Sonda inaona oksijeni nyingi, inaiambia kompyuta kwamba mota ina njaa, kompyuta inaongeza esanse. Mota haikuwa na njaa. Sikiliza asubuhi mota ikiwa baridi: tik-tik-tik inayofuata mwendo wa mota na kupungua chuma kikishatanuka. Paka maji ya sabuni kwenye viungo kabla havijapata moto, mwenzako azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kwa sekunde moja mbili. Povu litakuonyesha.

Sonda yenyewe pia huzeeka. Serikali ya Marekani, katika mwongozo wake kwa wenye magari, inasema kutengeneza kasoro nzito kama sonda iliyokufa kunaweza kuboresha unywaji mpaka asilimia 40.  Dalili zake ni bujie nyeusi zenye masizi makavu, harufu ya esanse nyuma ya gari, na taa ya mota kwenye tablo, yaani dashibodi. Hiyo taa, tafadhali ihakikishe: zungusha ufunguo bila kuwasha mota. Taa lazima iwake. Isipowaka, kuna aliyeizima ili akuuzie gari, na chini yake kuna kosa lililofichwa.

Kisha breki. Tope letu huingia kwenye pini za kalipa na kwenye kebo ya breki ya mkono, likakauka, plakete, zile pedi za breki, zikabaki zimeibana disko kidogo. Dereva hasikii kitu zaidi ya gari "zito." Tafuta kipande kilicho tambarare, tembea dakika 15 ukigusa breki kidogo iwezekanavyo, simama, pitisha kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, umempata mwizi. Pandisha hilo gurudumu kwa jeki na ulizungushe kwa mkono: linapaswa kuzunguka zaidi ya mara moja kabla ya kusimama.

Athari ya upepo wa tairi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, ila kuurekebisha ni bure. Wamarekani hao hao wanahesabu asilimia 0.2 kwa kila psi moja (kipimo cha upepo) inayopungua kwenye tairi zote. Ukiwa na psi 22 badala ya 32, ni asilimia 2. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kama imeandikwa 230, hiyo ni kPa, yaani psi 33.

Mzigo nao. Kila kilo 45 huongeza kama asilimia 1 kwenye barabara ya kawaida, na kwenye milima yetu zaidi. Fungua buti, toa kisichohitajika.

Lilianza kunywa baada ya kubadilishwa tairi

Mawe ya barabara zetu hufanya watu waweke tairi kubwa ili gari liinuke. Mtu anatoa 165/70R14, anaweka 185/70R14. Tairi hiyo mpya ni ndefu kwa karibu asilimia 5. Gurudumu likizunguka mara moja gari linaenda mbali zaidi, lakini kaunta haijui. Ukitembea kilomita 100 za kweli, tablo inaandika 95. Hesabu yako inasema gari linakunywa zaidi ya ukweli. Zidisha kilomita za tablo kwa 1.05 kabla ya kugawanya. Tairi pana na nzito huongeza unywaji wa kweli pia, ila si ule wote unaouona.

Lilianza ghafla, siku moja

Gari halizeeki usiku mmoja. Ikiwa jana lilikuwa zima na leo linakunywa, linagonga likipanda na linakosa nguvu, shuku esanse yenyewe. Esanse iliyochanganywa na mafuta ya taa hugonga kwenye mlima na kuacha masizi. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, mbali na moto, na tone lingine la esanse unayoiamini pembeni. Esanse safi hukauka upesi bila alama ya mafuta, iliyochanganywa huacha doa lenye mng'ao. Na iweke kwenye chupa angavu kwa dakika chache: maji, kama yapo, yatakaa chini na utaona mstari.

Wanaoshtakiwa bure

Filta ya hewa ndiyo ya kwanza. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima jambo hili mwaka 2009: kwenye magari ya injeksheni, filta iliyoziba hupunguza nguvu, haibadilishi unywaji kwa kiasi cha kuonekana, kwa sababu kompyuta hupunguza esanse kadiri hewa inavyopungua. Badilisha filta ili kulinda mota na vumbi la Julai, usitegemee irudishe lita.

Kimo cha mji nacho hushtakiwa. Kwa injeksheni, kimo huondoa kama asilimia 15 ya nguvu, nawe unakanyaga zaidi, lakini mchanganyiko wa hewa na esanse hubaki sawa. Kwa Starlet ya karabureta mambo ni tofauti. Ikiwa imepangwa kwa pwani, hapa inapata esanse nyingi kwa hewa kidogo. Bujie huwa nyeusi, moshi hunuka. Hiyo inahitaji jikleri ndogo, kile kitundu kinachopitisha esanse, na mkono wa fundi wa zamani. Wamebaki wachache na wanastahili kulipwa vizuri.

Umepitia yote na bado ni zaidi ya 10

Hapo omba kupimwa kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda. Na hapa nina ombi kwa mafundi wenzangu, maana nimeona watu wakipoteza mota nzima kwa sababu hii. Namba ya kitabu imepimwa karibu na usawa wa bahari. Hewa yetu ina presha ya asilimia 85 hivi ya ile. Kitabu kikisema bar 15, mota yenye afya hapa Bukavu itaonyesha kama 12.7. Kinachohukumu ni tofauti kati ya silinda na silinda: ikipita bar 1, kuna valvu au seti ya pistoni ya kuangaliwa.

Mwaka jana kijana wa taksi alinijia na IST. Mahali pengine walimpimia, wakapata 12 na kitu, wakamwambia mota imekufa atafute nyingine ya mtumba. Alikuwa ameshaanza kukopa kwa shemeji yake. Nilipima tena mbele yake: 12.5, 12.5, 12, 12.5. Nikamwambia, "Kaka, rudisha pesa ya watu." Kisha tukasubiri mota ipoe kabisa, tukaiwasha, na wote wawili tukasikia tik-tik-tik ikitoka chini ya bamba la kuzuia joto la eshapma, pale welding ilipokuwa imepasuka, sentimita chache tu kabla ya sonda.